Askari Aliyenyimwa Fidia Anaweza Kukata Rufani

Wengi wetu tuliwajua wazee waliokuwa askari wa Keya. Wapo waliorudi viziwi, wapo waliorudi wakichechemea. Leo tunaeleza habari za askari wa Marekani. Tunazo sababu, maana vijana waliotoka Afrika Mashariki nao wamo katika jeshi lile. Pengine mwanao ni mmoja wao.

Askari wa Marekani aliyeumia au kuugua kwa ajili ya kazi ya jeshi anaweza kuomba fidia. Ulemavu wake hupimwa kwa asilimia. Akifika 10 katika 100 au zaidi, analipwa kila mwezi. Lakini wengi wakiomba hujibiwa hapana. Basi wengine huikunja barua, wakaitia sandukuni, yakaisha. Hapo ndipo wanapokosea.

Barua ile isomwe yote, maana inaeleza sababu. Kwa kawaida serikali hutaka kujua mambo matatu: je, ugonjwa upo sasa? Je, kuna jambo lililompata jeshini? Na je, hayo mawili yanahusiana?

Tuseme askari alikuwa fundi wa mizinga. Leo masikio yake hayasikii vizuri. Ugonjwa upo, mizinga ilikuwapo, ila hakuna daktari aliyeandika kwamba hili limetokana na lile. Amekataliwa kwa hilo tu! Huyu atafute barua ya daktari. Askari mwenzake aliyekuwa naye pale naye anaweza kuandika aliyoyaona. Wala si lazima daktari aape kwamba ana hakika kabisa. Ushahidi wa kumfaa askari na wa kumpinga ukilingana kama mizani, sheria inampa haki askari.

Tangu Februari 2019 njia ni tatu. Mwenye ushahidi mpya anapeleka maombi ya nyongeza. Asiye na ushahidi mpya, lakini anaona karatasi zake zilisomwa vibaya, anaomba ofisa wa juu azitazame upya. Huko ushahidi mpya haupokelewi. Njia ya tatu ni kwenda kwa jaji wa Baraza la Rufani, na anaweza kuomba asikilizwe kwa mdomo. Njia hii huchukua muda mrefu.

Sasa shikeni sana habari ya tarehe. Tuseme aliomba Machi 2024, akakataliwa Oktoba 2024. Akipeleka maombi ya nyongeza kabla ya mwaka kwisha tangu barua ile, kisha akashinda, kwa kawaida malipo huhesabiwa tangu maombi ya kwanza. Akichelewa, bado anaweza kuyapeleka, lakini malipo yataanzia maombi mapya. Fedha ya nyuma imepotea hivyo hivyo.

Tena, sheria ya 2022 iliongeza magonjwa mengi yanayohesabiwa kuwa yametokana na moshi wa takataka zilizochomwa kwenye kambi za vita. Aliyekataliwa kwa magonjwa hayo zamani anaweza kuomba tena.

Vipo vyama vya askari wa zamani vinavyosaidia kuandika maombi haya bure.

Baraza nalo likikataa, askari ana siku 120 za kwenda mahakamani. Mahakama hiyo iliundwa kwa sheria ya 1988. Kabla ya hapo serikali ikisema hapana, hata hakimu hakuweza kuiuliza kwa nini.