Kila Kitu na Daka Lake

Anayetaka nyumba yake ipendeze hupewa ushauri wa aina mbili, na kila mmoja huubatilisha mwingine. Wa kwanza unampeleka dukani: pazia jipya, zulia, vitambaa vya makochi, maua ya plastiki, saa kubwa ya ukutani. Wa pili, ambao wengi waliuchukua kwenye vitabu vya Mjapani Marie Kondo, unamtaka atoe: nguo zigawiwe, vyombo vipunguzwe, kisichoupa moyo furaha kiondoke. Washauri hawa wanaonekana mahasimu, lakini wote wanahesabu vitu. Mmoja anajumlisha, mwingine anatoa. Tukifuata yale ambayo wanasayansi wameyaona kuhusu jicho, ubongo na uchovu, hesabu hiyo inaacha nje jambo kubwa kuliko yote. Kitu kinachomchosha mtu nyumbani ni kile kisicho na mahali pake, hata kikiwa kimoja, na nyumba yenye vitu tele inaweza kupumzisha kama kila kimoja kina pa kukaa.

Tuanze na jicho. Mtu akiingia sebuleni, kila kilichomo kinamfikia machoni kwa pamoja, ilhali uwezo wa ubongo wa kuchambua una mpaka. Mwaka 1998 Sabine Kastner na wenzake waliwalaza watu kwenye mashine ya MRI na kuwaonyesha picha kadhaa, mara zikitokea moja baada ya nyingine, mara zote kwa mpigo. Zilipotokea zote pamoja, sehemu za ubongo zinazoshughulikia kuona ziliitikia kwa unyonge zaidi, ishara kwamba picha zile zilikuwa zikinyang'anyana nafasi ileile. Mtu alipoelekeza makini yake kwenye moja, unyonge huo ulipungua. Basi makini ndiyo mwamuzi wa mnyang'anyano huo, na kuamua ni kazi. Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Kastner na Stephanie McMains waliongeza jambo ambalo kila mpambaji angefaa alijue: maumbo yakipangwa hata yakaonekana kuwa kitu kimoja, ugomvi hupungua wenyewe na makini hubakiwa na kazi ndogo. Ni kweli kwamba maumbo ya maabara si masufuria wala viatu, na umbali kati ya mashine ile na sebule ya Mbagala jijini Dar es Salaam ni mrefu. Hata hivyo kanuni inaeleweka. Vikombe 12 kwenye rafu moja, kwa jicho, ni kundi moja. Vikombe 4 vilivyotawanyika juu ya friji, dirishani, kando ya televisheni na sakafuni ni madai 4.

Ushahidi wa kale uko pwani kwetu. Nyumba za mawe za matajiri wa Lamu za karne ya 18 hazikuwa tupu hata kidogo. Vyumba vyake vilikuwa virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti, takriban mita 3. Ndani ya wembamba huo wenye nyumba waliweka sahani na mabakuli ya kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani, na chumba hakikuonekana kubanwa. Siri ilikuwa zidaka: safu kwa safu za vishubaka vilivyochongwa kwa plasta ya chokaa ukutani, kila kimoja na fremu yake. Sakafu ilibaki huru, na ukuta mzima ulisomeka kama pambo moja. Mafundi wale hawakuhitaji maabara. Hata kabati la kioo la sebuleni, lile ambalo wapambaji wa mitandaoni hulicheka kwa vikombe vyake visivyonywewa, linafanya kazi ileile ya daka, na sioni sababu ya kulionea aibu.

Je, mambo haya yanaufikia mwili, au ni suala la ladha tu? Mwaka 2010 Darby Saxbe na Rena Repetti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti wa wanandoa 60, wake kwa waume, wote wakiwa na ajira. Kila mmoja alitembeza kamera nyumbani kwake akieleza anachokiona, kisha watafiti wakapima kotisoli, homoni ya msongo, katika mate yake. Kwa kawaida kotisoli hupanda asubuhi na kushuka kuelekea usiku. Kwa wanawake walioeleza nyumba zao kwa maneno ya vurugu na kazi zisizokwisha, mteremko huo ulikuwa hafifu, na huzuni yao iliongezeka kadiri siku ilivyosonga. Msomaji makini atauliza: huenda aliyechoka ndiye anayeiona nyumba yake vibaya? Swali ni la haki. Watafiti walizingatia tabia ya mtu kuwa mwepesi wa wasiwasi pamoja na kuridhika kwake katika ndoa, na uhusiano ukabaki. Lakini uhusiano peke yake hauthibitishi kipi kilianza. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kwa waume mwelekeo huo haukujitokeza. Nguo zilezile zilikuwa kwenye kochi lilelile. Maelezo ninayoyaona yana uzito ni kwamba kitu kisicho na mahali ni kazi inayomsubiri mtu, na katika nyumba nyingi mtu huyo anajulikana. Rafu mpya haitabadilisha hilo iwapo ni mmoja tu anayejua rafu ni ya nini.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mtu wa kipato kidogo. Ukiishi chumba kimoja cha kupanga, debe lililopasuka na kipande cha bati ni akiba, na anayekuambia utupe hakujui. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini akiba nayo ina mtego wake: mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walionyesha kwa majaribio kwamba waliopewa kikombe walitaka kukiuza kwa bei takriban maradufu ya ile ambayo wasio nacho walikuwa tayari kulipa. Kumiliki kunakuza thamani. Tena kuna akiba inayouma. Matairi, makopo na vifuu vikikusanya maji uani huwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, waenezaji wa homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yao hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi. Akiba iwekwe juu, mahali pakavu, imefunikwa.

Wapo pia wanaotetea vurugu yenyewe, wakitaja jaribio la Kathleen Vohs la mwaka 2013 ambapo waliokaa chumba kisicho nadhifu walibuni mawazo mapya zaidi. Ni dakika chache ndani ya chumba cha watafiti. Kuishi humo ni habari nyingine.

Baada ya vitu kupata mahali ndipo pambo linapokuwa na maana, na hapa fedha si tatizo kubwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich aliripoti kwamba wagonjwa wa upasuaji waliolazwa mbele ya dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioona ukuta wa matofali. Kabati linaloziba dirisha, basi, lisogezwe kabla ya kununua taa. Mmea wa chungu upandwe kwa uzuri wake. Ile imani kwamba unasafisha hewa ya chumba haina mashiko, maana uchambuzi wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba kufikia kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa jengoni. Chokaa nyeupe ukutani hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, na haina bei ya kutisha. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo za kupendezesha nyumba mwezi huu ampe seremala atengeneze rafu, na duka la mapambo lisubiri.