Mguu Uliovunjika Usikandwe Ovyo

Aliyevunjika mguu, desturi yetu ni kumlaza na kumkataza hata kujigeuza. Nasi akina mama ndio wa kwanza. Huruma hiyo yaweza kumdhuru. Damu isiyosukumwa na misuli huweza kuganda mshipani, na donge likibanduka hupanda hadi mapafuni na huweza kuua ghafla.

Basi tumwache achezeshe vidole kila asikiapo adhana, na baina ya adhana pia. Ainuke kwa magongo pindi daktari akiruhusu. Sindano za kuzuia damu kuganda, akiandikiwa, tusizikatize.

Paja au shavu la mguu likivimba na kuuma, au plasta ikianza kumbana, mafuta ya nazi tuyaweke kando: kukanda kwaweza kulibandua donge. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akihema kwa shida au akichomwa kifuani usiku wa manane, tusingoje alfajiri.