Je, Wajua? Usanifu wa kisasa na walinzi wake, kutoka ufuko wa Bweremana

Je, wajua kwamba mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu, ile inayotoka Bweremana jioni kwenda kuvua sambaza, ni chombo cha kisasa? Wengi wetu tunaihesabu kuwa urithi wa mababu. Lakini Ziwa Kivu halikuwa na sambaza hata mmoja mpaka samaki hao walipoletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Uvuvi wao wa usiku, na wavu mpana unaoshushwa chini ya mwanga wa taa kisha ukainuliwa, ulikuja baada ya hapo. Wakati huo viti vya mbao zilizokunjwa vya Charles na Ray Eames vilikuwa vimekwisha kuuzwa Marekani tangu miaka ya 1940. Viti hivyo leo vimo katika makumbusho makubwa ya New York, na vitabu vimeandikwa juu yake. Mitumbwi yetu ni midogo kwa umri kuliko viti hivyo, na akili iliyoibuni haikupungua kwa lolote.

Je, wajua chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ina umri gani? Husimuliwa kwamba ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970. Fremu ni mti mgumu, magurudumu ni ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu, na karibu na gurudumu la nyuma kuna kipande cha mpira ambacho dereva hukikanyaga ili kupunguza mwendo. Hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa au mbao kutoka vilima vya Masisi hadi sokoni. Haikutoka kiwandani, ilizaliwa mikononi mwa mafundi, nao waliirekebisha kwa kuitazama ikivunjika. Tangu 2009 Goma ina sanamu ya rangi ya dhahabu ya msukuma chukudu katikati ya mzunguko wa barabara. Heshima hiyo ilistahili. Ila sanamu haimfundishi kijana kipimo cha ekseli, wala aina ya mti wa kuchagua, wala pembe ya usukani.

Basi kazi hiyo ya kuandika vipimo hufanywa na nani duniani?

Je, wajua kwamba shirika la kimataifa la kulinda majengo ya kisasa lilianza kwa sababu ya hospitali ya kifua kikuu? Chama cha wafanyakazi wa almasi wa Amsterdam kilijenga sanatorio ya Zonnestraal huko Hilversum, Uholanzi, nayo ikafunguliwa 1928. Msanifu wake, Jan Duiker, aliipanga kwa makusudi idumu takriban miaka 30 tu, kwa kuwa watu waliamini kwamba ugonjwa huo ungekuwa umekwisha kufikia wakati huo. Miongo ilipita, zege likaanza kumomonyoka, na wasanifu wawili, Hubert-Jan Henket na Wessel de Jonge, wakakabiliwa na swali gumu: unahifadhije kitu ambacho aliyekijenga hakutaka kidumu? Mwaka 1988 wakaanzisha Docomomo huko Eindhoven, shirika lisilotafuta faida, ambalo leo lina matawi katika makumi ya nchi. Shabaha yake ni mbili, na mpangilio wake ndio unaonivutia: kuandika kumbukumbu kwanza, kuhifadhi baadaye. Jengo laweza kuanguka. Mchoro, picha na maelezo ya fundi vikibaki, maarifa hayajafa.

Swali la Zonnestraal linatuhusu sana sisi wa Kivu. Chukudu ikifanya kazi kila siku huchakaa baada ya miaka michache. Nyumba za mbao za Goma na Sake hubomolewa, hubebwa na kusimamishwa upya katika parseli nyingine. Vitu hivi havihifadhiki kwa kuvifungia ndani ya kioo. Vinahifadhika kwa kujua namna vinavyotengenezwa.

Je, wajua kwamba nyumba ya akina Eames, iliyojengwa 1949 Los Angeles kwa vyuma na vioo vilivyoagizwa kutoka katalogi za viwanda, ina mlinzi wake? Lucia Eames, binti ya Charles, aliunda wakfu wa kuitunza mwaka 2004, na walezi wake wamejipangia kuilinda kwa miaka 250. Januari 2025 moto mkubwa uliteketeza mtaa ule. Nyumba ikasalimika.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam ina kituo cha urithi wa majengo, DARCH, ndani ya Boma la Kale lililojengwa zama za Sultani Majid, miaka ya 1860? Ndani ya kuta za matumbawe unasimuliwa pia mji wa saruji. Katika mji huo limo jina la Anthony Almeida, Mgoa aliyezaliwa Dar es Salaam 1921, akasomea usanifu Bombay, akarudi nyumbani na kujenga shule na makanisa yaliyofanywa kwa ajili ya jua na upepo wa pwani. Alifariki 2019.

Jina lingine ni Beda Amuli, kati ya Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yao wenyewe ya usanifu. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, ni kazi yake: paa la miavuli mikubwa ya zege, kama miti ambayo chini yake wachuuzi wamezoea kutandaza bidhaa, na miavuli hiyo hiyo hukusanya maji ya mvua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lile liliwaka moto. Nilipoona picha zake niliwaza juu ya michoro ya Amuli kabla ya kuwaza juu ya kuta, kwa sababu mwenye michoro anaweza kukarabati, na asiyekuwa nayo hubahatisha.

Je, wajua kwamba Mji Mkongwe wa Zanzibar, tunaoujua kwa milango ya kuchonga, una pia sinema ya Majestic ya mwaka 1955, kazi ya msanifu Dayalji Pitamber Sachania? Ilijengwa baada ya jengo la sinema lililokuwa hapo kuungua. Paa lake limeporomoka, na wapenzi wa mji waliojiunga chini ya jina Hifadhi Zanzibar wamekuwa wakihangaikia kuifufua.

Asmara, nchini Eritrea, iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017 kwa sababu ya majengo yake ya kisasa, kikiwemo kituo cha petroli cha Fiat Tagliero cha 1938, chenye mabawa ya zege yasiyoegemea nguzo yoyote. Naam, kituo cha petroli.

Je, wajua kwamba jiwe la volkano kama lile tunalolikanyaga Goma lilijenga hospitali inayojulikana na wasanifu wa dunia nzima? Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa 2011. Iliyoichora ni MASS Design Group, asasi isiyotafuta faida. Kuta zake ni mawe meusi ya Virunga, yale ambayo wakulima huyaona kero shambani, yakachongwa na kupangwa na waashi wa pale pale kwa ustadi uliowapatia kazi nyingine baadaye. Mwaka 2016 asasi hiyo ilianzisha Kigali mafunzo kwa wasanifu vijana wa Afrika. Kwetu Goma, baada ya lava ya Januari 2002 kufunika katikati ya mji, watu waliinua misingi na nyua kwa jiwe lile lile. Waashi wao wanastahili kuandikwa vilevile.

Je, wajua kwamba Lubumbashi ina Picha, shirika la wasanii lililoanza 2008, ambalo kupitia biennale yake limewafanya wakazi kuutazama upya mji wao wa madini, pamoja na jumba lake la tamthilia la miaka ya 1950?

Na je, wajua kwamba sheria ya kuanzisha shirika la namna hii tunayo? Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayotawala asbl, yaani mashirika yasiyotafuta faida, nchini Kongo. Hadhi ya kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria. Kabla yake kuna amri-sheria ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni. Nasema haya kwa haraka iliyo moyoni. Mapema 2024 vita viliwatawanya watu wengi wa Sake na wa ufuko huu, na fundi anayekimbia huacha randa, patasi na vielelezo vyake nyuma. Kalamu, futi ya kupimia na simu yenye kamera vinatosha kuanza kazi, popote mafundi hao walipo sasa: urefu wa mti unaounganisha mitumbwi, nafasi kati ya mtumbwi na mtumbwi, fundo la kamba, jina la aliyefundisha.