Jukwaa Likivunjwa Hurudi kwa Nadra

Mwaka 2013 wasanii wa Kampala walipata habari kwamba Ukumbi wa Taifa wa Uganda, uliofunguliwa mwaka 1959, ungebomolewa ili pajengwe jengo refu la biashara, nao watengewe ukumbi mpya humo humo. Walipinga, na jumba bado limesimama. Naamini walikuwa na haki. Ukumbi wa umma ni mahali ambapo kijana asiye na mtaji anaweza kupanda jukwaani. Ukiingizwa ndani ya jengo la kukodisha, kodi ndiyo itakayoamua nani aigize.

Wapo wanaosema jumba lenyewe ni la mkoloni, basi livunjwe bila majuto. Sisi wa Kitale tunajua jibu, kwani makumbusho yetu yalianzia kwenye mkusanyiko wa mlowezi Stoneham, na hakuna mwenye akili anayetaka yafungwe kwa sababu hiyo. Kampala wana ushahidi mzito zaidi. Novemba 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Uganda, mwanafunzi wa Makerere kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, alionyesha humo tamthilia yake The Black Hermit. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mkurugenzi wa sanaa wa ukumbi huo, alikamatwa pale pale na watu wa Idi Amin, akauawa. Baada ya hayo, nani bado atauita ukumbi wa mkoloni?

Hoja ya fedha ni ngumu zaidi. Kiwanja cha katikati ya mji kina bei kubwa, na paa kuukuu hula pesa. Lakini Ukumbi wa Taifa wa Nairobi, wa mwaka 1952, ulikarabatiwa ukafunguliwa upya mwaka 2015 bila kuvunjwa. Tena bei ya kiwanja ikipanda, umma ukishakiachia hautakinunua tena. Kule Kamirithu, Limuru, wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Polisi wakaubomoa mwaka 1982. Lengo pale lilikuwa kuwanyamazisha watu, jambo tofauti na biashara, ila matokeo yanatufunza: baadaye pakawa na chuo cha ufundi, kitu chema kabisa, lakini jukwaa lile halikurudi.

Kwa hiyo mji wowote unaoahidi ukumbi bora zaidi, uwe Kampala au Bungoma, uonyeshe kwanza hati ya ardhi iliyobaki kwa jina la umma, kiwango cha kodi kilichoandikwa, na mahali wasanii watakapoigizia siku zote za ujenzi.