Huduma moja, simu nyingi: Programu tumishi inavyoweza kuwafikia wakulima wa Mbinga na wavuvi wa Nyasa

Mtengenezaji wa programu tumishi anapotakiwa kuhakikisha kazi yake inafunguka katika simu zote, kwa kawaida hufikiria mifumo endeshi miwili: Android ya Google na iOS ya Apple. Kwa wilaya za Mbinga na Nyasa mkoani Ruvuma, hesabu hiyo haitoshi. Mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo anaweza kuwa na kitochi kisichofungua intaneti, mwanawe akawa na simu janja yenye nafasi finyu ya kuhifadhi, na katibu wa chama chao cha ushirika akatumia kompyuta. Wote wanahitaji huduma ileile.

Jambo hili si la anasa. Tarehe 8 Agosti 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mbeya mpango wa mbolea ya ruzuku, ambao wanufaika wake hutambuliwa kwa usajili wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Katika mpango wa namna hiyo, mkulima asiyefikiwa na taarifa katika simu yake anaweza kukosa mfuko wa mbolea wakati mvua zimeshaanza.

Njia iliyozoeleka ya kumfikia mwenye kitochi ni USSD, yaani huduma ya kupiga namba zenye nyota na reli, kama ilivyo katika huduma za fedha kwa simu. Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) inatumia njia hiyo kupitia *152*00#, ambako huduma za taasisi mbalimbali za umma hupatikana bila intaneti. Kupitia namba hiyo mwananchi anaweza kutumia e-Mrejesho, mfumo wa kupokea maoni na malalamiko ambao pia unafunguka mtandaoni. Huo ni mfano mzuri: milango ni tofauti, lakini taarifa huingia katika ghala moja.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi. Kanuni za huduma na kumbukumbu zake hukaa katika seva. Simu hubaki na kazi ya kuuliza na kuonyesha. Kwa simu janja, zana kama Flutter ya Google, au React Native iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, humwezesha mtaalamu kuandika msimbo mmoja ukatumika katika Android na iOS. Zana hizo, hata hivyo, hazigusi kitochi. Menyu ya USSD huandaliwa peke yake, na ukurasa wake hauzidi herufi 182. Kwa Kiswahili chetu chenye maneno marefu, kuandika menyu fupi inayoeleweka ni kazi ya mhariri kuliko ya mhandisi.

USSD nayo ina udhaifu: mawasiliano yakikatika, kila kitu hupotea. Mvuvi wa usipa aliye mbali na ufuko, au mkulima aliye nyuma ya mlima unaokinga mnara, hawezi kuitumia kabisa. Programu ya simu janja inaweza kuhifadhi taarifa ndani ya simu na kuzituma mtandao unaporejea. Lakini taarifa iliyochelewa inaweza kutumwa mara mbili. Kwa hiyo kila ombi lipewe namba yake ya pekee ili seva ilitambue lililokwisha kupokelewa. Bila hatua hiyo, mtu mmoja anaweza kuandikiwa mifuko kumi badala ya mitano.

Kosa jingine ni kuchukulia kwamba namba ya simu ni mtu. Kitochi kimoja kinaweza kutumiwa na nyumba nzima, hivyo mfumo unapaswa kuruhusu wanufaika zaidi ya mmoja kwa namba moja, kila mmoja akiwa na utambulisho na namba yake ya siri.

Majaribio nayo yasiishie ofisini penye intaneti ya kasi. Programu ijaribiwe katika simu ya bei nafuu iliyotumika miaka kadhaa, yenye bando dogo na chaji inayokaribia kuisha, Mbamba Bay, Liuli na vijiji vya milimani, kabla ya msimu wa kilimo kuanza.