Ugonjwa wa kuwaza sana: mazungumzo nayo ni dawa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba, someni ukurasa huu pamoja.

Baba mmoja alikuja dispanseri mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza alisema: «Kichwa kinaniuma.» Mara ya pili: «Sipati usingizi.» Mara ya tatu: «Mwili hauna nguvu.» Tulipima damu yake, hatukuona malaria. Tulimpa aspirini, akarudi kazini.

Mara ya nne alikuja bibi yake, peke yake. Alisema: «Bwana yangu hali, hasemi na watoto, na jana aliniambia afadhali afe.» Tulimwita siku ile ile, daktari akamwona. Ndipo tulipomwuliza swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza: «Baba, moyo wako uko namna gani?»

Ugonjwa huu unaitwa depresio. Si uvivu, si woga, wala si ulozi. Huzuni inakaa majuma mawili au zaidi, usingizi unapotea, chakula hakina ladha, mtu anajiona hana faida. Tena ni hatari kazini: mtu ambaye hakulala, na mawazo yake yako mbali, anachelewa kuona lori linaporudi nyuma.

Je, maneno matupu yanaweza kuponyesha? Tuangalie Zimbabwe. Huko watu wanaita hali hii kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Kuanzia mwaka wa 2006, katika mji wa Harare, daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha akina mama wazee kuwasikiliza wagonjwa. Wanakaa nao juu ya benchi la mbao, nje ya kituo cha afya.

Kazi yao ina utaratibu. Kwanza mgonjwa anataja matatizo yake yote. Halafu anachagua moja tu. Wanatafuta pamoja hatua ndogo anayoweza kuifanya. Akirudi, anaeleza ilivyokwenda. Mazungumzo hayapiti mara 6. Mama mzee hatoi amri. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayechagua njia.

Hawakutosheka kusema kwamba inasaidia, walipima. Katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2016, vituo 24 vya Harare viligawanywa kwa kura: 12 vilikuwa na benchi, 12 viliendelea na matunzo ya kawaida. Wagonjwa walikuwa 573. Baada ya miezi 6, katika vituo vya kawaida karibu watu 50 kwa kila 100 walikuwa bado na dalili za depresio. Katika vituo vyenye benchi walikuwa karibu 14 kwa 100.

Basi, shikeni mambo haya:

1. Ukija dispanseri, usitaje kichwa tu. Sema pia habari za usingizi na za moyo.

2. Mwenzako wa ekipi akinyamaza siku nyingi, usimcheke. Mwulize, kisha umsikilize mpaka amalize.

3. Mama, ukiona bwana amebadilika, au baba, ukiona bibi amebadilika, msingojee. Njoni wawili.

4. Mtu akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mlete siku ile ile, hata usiku.

5. Mazungumzo hayafukuzi dawa. Wengine wanahitaji vyote viwili. Aliyepewa vidonge asiviache bila kumwuliza daktari.

Yule baba alitaja matatizo matano. Alichagua moja: deni. Juma lililofuata alikwenda kusemezana na mwenye deni, wakapatana alipe kidogo kidogo. Matatizo manne yamebaki, lakini sasa analala, na jioni anakula pamoja na watoto wake.

Wazee walisema: mficha ugonjwa, kifo humwumbua. Mlango wa dispanseri uko wazi, na kiti kipo. Njoo, ukae, useme.