PERC, TOPCon au HJT: Unalipia Nini Ukinunua Paneli ya Sola

Muuzaji wa sola atakutajia mambo mawili: wati na bei. Muulize na la tatu: seli zake ni za aina gani? Jibu lina uzito zaidi kuliko rangi ya fremu, hasa kwa paneli itakayokaa juu ya bati Dar es Salaam au Mombasa.

Kati ya aina hizi tatu za seli, PERC mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Ilibuniwa na timu ya Profesa Martin Green katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, iliyotangaza matokeo yake mwaka 1989: tabaka jembamba nyuma ya seli hupunguza umeme unaopotea na kurudisha ndani mwanga uliokwisha kupenya. Mwanafunzi wake, Shi Zhengrong, alianzisha kampuni ya Suntech huko China mwaka 2001, na ujuzi wa chuo ukaingia viwandani. Hata hivyo, PERC ilikuja kushika soko la dunia karibu miaka 30 baada ya maabara.

TOPCon, iliyotangazwa na taasisi ya Fraunhofer ya Freiburg, Ujerumani, mwaka 2013, ilisafiri haraka zaidi, na leo viwanda vya China vimehamia huko kwa wingi. HJT, yenye asili kwa Sanyo ya Japani, huwa ghali zaidi kati ya zote tatu.

Tofauti huonekana kwenye joto. Wati 400 za kwenye kibandiko hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Mchana wa jua kali seli zinaweza kufika 65. Kwa kila nyuzi inayozidi 25, PERC hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu yake, TOPCon 0.30, HJT 0.25. Kwa hiyo zile wati 400 zinabaki 344, 352 na 360.

Wati nane si nyingi. Kama TOPCon inazidi bei kwa asilimia mbili au tatu, ichukue bila kusita, kwa sababu inachakaa polepole pia: dhamana nyingi za PERC huahidi takriban asilimia 85 ya nguvu baada ya miaka 25, na za TOPCon karibu 89. Ikizidi kwa asilimia 15 na paa lako ni pana, nunua PERC, na hela inayobaki iongeze kwenye betri, maana betri ndiyo itakayokufa kwanza. HJT naiona ina maana pale tu paa ni dogo na mahitaji ni makubwa.

Kuna wanaosubiri paneli za aina mpya, zenye tabaka la perovskaiti juu ya silikoni. Oxford PV, kampuni iliyotokana na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2010, ilipeleka za kwanza za kibiashara Marekani mwaka 2024, zikiwa na ufanisi wa asilimia 24.5. Ni kazi ya kupongezwa sana, lakini perovskaiti hudhurika kwa unyevu na joto, na pwani tunavyo vyote viwili. Usikae gizani ukizisubiri.

Kabla ya kulipa, omba karatasi ya vipimo vya kiwanda na utafute upotevu wa nguvu kwa kila nyuzi ya joto. Muuzaji asipokuwa nayo, nenda duka jingine. Fundi naye aache nafasi ya upepo kati ya paneli na bati. Haigharimu kitu, na inapoza seli za aina yoyote.